Uchaguzi wa Matairi na Rimu za Majira ya Baridi kwa Gari la Spoti

Gari la spoti, yaani gari la chini, jepesi likilinganishwa na nguvu ya injini yake, na lililoundwa kwa ajili ya kona na mwendo kasi, hutoka kiwandani likiwa na matairi yaliyokusudiwa lami yenye joto. Matairi hayo huwa mapana, ubavu wake huwa mfupi, na mpira wake huwa umechanganywa kwa shabaha moja kuu, ambayo ni mshiko katika siku za kiangazi. Katika nchi ambazo baridi hutawala kwa miezi minne au mitano, kama vile Ujerumani, Austria, Uswisi, Norwe, Uswidi, Kanada na sehemu za kaskazini mwa Japani, mwenye gari la namna hiyo ana njia mbili: ama alifungie gerejini hadi baridi ipite, ama alitafutie seti ya pili ya matairi na rimu. Makala haya yanahusu njia ya pili, na msimamo wake ni kwamba fedha na fikra zielekezwe kwanza kwenye mpira na baadaye kwenye rimu, na kwamba rimu inayofaa zaidi kwa majira hayo ni ile iliyo ndogo kuliko zote zinazoweza kuzunguka breki za gari bila kuzigusa.

Mpira wa tairi hunyumbuka kwa sababu minyororo mirefu ya molekuli zake ina nafasi ya kusogea, na mnyumbuko huo ndio unaouwezesha kuingia katika vinundu na vishimo vidogo vya lami na kuvishika. Joto linaposhuka, minyororo hiyo hupoteza wepesi wake, na kila mchanganyiko wa mpira una kiwango chake cha baridi ambacho ukikifikia hukakamaa kabisa, hali ambayo wanakemia huiita hali ya kioo. Mpira wa matairi ya kiangazi ya gari la spoti huanza kuwa mgumu mapema, na watengenezaji wengi hutaja nyuzijoto 7 za Selsiasi kuwa mpaka wa kukumbukwa. Mpaka huo ni mwongozo tu, kwa maana katika barabara kavu tairi zuri la kiangazi bado linaweza kulisimamisha gari vyema chini kidogo ya kiwango hicho, ilhali katika theluji, hata iwe nyembamba namna gani, hushindwa papo hapo. Kwa matairi ya daraja la juu kabisa, yale yanayokaribia kuwa ya mashindano, tatizo huwa kubwa zaidi, kwa kuwa watengenezaji wake huonya kwamba yasiendeshwe katika baridi ya takriban nyuzijoto 7 chini ya sifuri, kwani mpira wake unaweza kupasuka, na mpasuko wa aina hiyo hauzibiki.

Tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye silika nyingi, ambayo ni unga laini wa madini ya jamii ya mchanga, na mara nyingi huongezwa mpira wa asili ili libaki laini hata barabara ikiwa imeganda. Kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, hukatwa mipasuo mingi myembamba iliyopindapinda. Gari linaposogea mipasuo hiyo hufunguka, kingo zake zikaikwaruza theluji, na theluji ikajazana ndani ya mifereji ya tairi. Na kwa kuwa theluji hushikamana na theluji kuliko inavyoshikamana na mpira, mfereji uliojaa theluji ni sehemu ya kazi ya tairi wala si kasoro. Barafu ni jambo jingine kabisa. Juu ya barafu hutanda utando wa maji usioonekana kwa macho, hasa joto likiwa karibu na sifuri, na utando huo ndio unaoleta utelezi, ndiyo maana barafu ya nyuzijoto 1 chini ya sifuri huwa ya hatari kuliko barafu ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri, jambo ambalo dereva aliyehamia kaskazini kutoka nchi za joto halitarajii hata kidogo.

Tofauti hiyo kati ya theluji na barafu ndiyo iliyoyagawa matairi ya baridi katika aina tatu, na kosa kubwa la wanunuzi wengi ni kudhani kwamba aina zote tatu ni kitu kimoja. Aina ya kwanza ni ya Ulaya ya Kati, iliyobuniwa kwa barabara ambazo siku nyingi za baridi huwa zimelowa tu, zikipigwa chumvi na kusafishwa mara kwa mara, na ambazo magari huenda kasi. Michelin Pilot Alpin, Pirelli P Zero Winter na Continental WinterContact ni za aina hii, na ndizo zinazouzwa zaidi katika vipimo vya magari ya spoti. Aina ya pili ni ya Skandinavia isiyo na njumu, ambayo mpira wake ni laini zaidi na mipasuo yake ni mingi zaidi, na ambayo shabaha yake ni barafu na theluji iliyoshindiliwa. Humo zimo Nokian Hakkapeliitta za kundi la R, Michelin X-Ice, na Bridgestone Blizzak, ambayo mpira wake una vitundu vidogo sana vya kunyonya ule utando wa maji. Aina ya tatu ni ya njumu, yaani vijino vya chuma vilivyopandikizwa kwenye kashata ili vichome barafu.

Historia ya aina hizi inaonyesha kwamba kila moja ilizaliwa na barabara za kwao. Kampuni ya Kifini ambayo leo hujulikana kama Nokian ilitoa tairi la majira ya baridi la malori mwaka 1934 na la magari madogo mwaka 1936, kwa ajili ya barabara ambazo hazikuwa zikisafishwa theluji. Huko Japani njumu zilitumika sana hadi vumbi la lami iliyochimbwa na vijino hivyo likawa tatizo la afya mijini, serikali ikazipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1990, na watengenezaji wakalazimika kutafuta mshiko wa barafu ndani ya mpira wenyewe. Ujerumani nayo imezikataza njumu karibu nchi nzima, ilhali Norwe huziruhusu lakini huwatoza ada madereva wanaozitumia katika miji kadhaa mikubwa, ukiwemo Oslo.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi linapaswa kuhusu barabara anayopita katika siku nyingi za baridi, na wala si siku ile moja ya dhoruba anayoikumbuka kwa hofu. Mkazi wa Stuttgart au Munich anayekwenda kazini kwa barabara kuu iliyopigwa chumvi atajidhuru akinunua tairi la Skandinavia, kwa sababu ulaini wake huongeza umbali wa kusimama kwenye lami iliyolowa, na usukani hupoteza ule wepesi wa kuitika ambao ndio sababu ya kumiliki gari la spoti. Mkazi wa Tromsø, au wa mtaa wa Montréal ambao barafu yake huganda wiki kadhaa bila kuyeyuka, atajidhuru vilevile akichukua tairi la Ulaya ya Kati kwa kuvutiwa na herufi yake ya kasi. Matairi ya misimu yote, ambayo hujaribu kukaa katikati, yanaweza kutosha mahali ambapo theluji huanguka mara chache na kuyeyuka siku hiyohiyo. Kwingineko, kwa gari lenye nguvu nyingi, hayastahili kufikiriwa.

Alama zilizopigwa ubavuni mwa tairi husaidia uchaguzi huo, mradi zisomwe kwa uangalifu. Herufi M+S, ambazo humaanisha tope na theluji, hazitegemei jaribio lolote la lazima, na mtengenezaji huweza kuziweka kwa kuangalia muundo wa kashata tu. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ndiyo yenye uzito, kwa kuwa hutolewa kwa tairi lililopimwa kwenye theluji na kulishinda tairi la kulinganishia kwa kiwango kilichowekwa. Hata hivyo, alama hiyo haisemi lolote kuhusu barafu. Tangu Mei 2021 lebo ya Umoja wa Ulaya imekuwa na alama ya pekee ya mshiko wa barafu, na mnunuzi akiitazama pamoja na daraja la kusimama kwenye maji lililo kwenye lebo hiyohiyo, ataitambua aina ya tairi bila kutegemea maneno ya muuzaji, kwani tairi la Skandinavia huwa na alama ya barafu na daraja la chini la maji, na lile la Ulaya ya Kati huwa kinyume chake.

Sheria nazo zimejengwa juu ya alama hizi, na hutofautiana kiasi kwamba anayevuka mipaka lazima azijue. Ujerumani haitaji tarehe, bali hudai matairi yanayofaa kila palipo na theluji, barafu au tope la theluji, na tangu Oktoba 2024 hutambua alama ya mlima peke yake. Quebec hudai matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Uswidi huyadai kati ya Desemba na Machi hali ya barabara ikiwa ya baridi, kwa kina cha mifereji kisichopungua milimita 3, na Austria huweka kina hicho kuwa milimita 4. Ufaransa huyadai katika maeneo yake ya milimani kuanzia Novemba hadi Machi, au gari liwe limebeba minyororo ya kufunga kwenye magurudumu.

Jambo la kasi linahitaji maelezo kwa sababu magari ya spoti ndiyo yanayoguswa nalo zaidi. Kila tairi huwa na herufi ya kasi ya juu linayoistahimili: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, na W ni 270. Matairi mengi ya Skandinavia huishia R, ambayo ni 170, au T, ilhali ya Ulaya ya Kati hufika V na W. Ujerumani huruhusu gari livae matairi ya baridi yenye herufi ya chini kuliko kasi yake ya juu, mradi kibandiko cha kumkumbusha dereva kikomo hicho kiwekwe mahali anapokiona. Namba inayotangulia herufi hiyo ni ya uzito ambao kila tairi linaweza kuubeba, ambapo 87 ni kilo 545 na 91 ni kilo 615, na namba hii, tofauti na ile herufi, haishushwi kamwe chini ya ile iliyotajwa na mtengenezaji wa gari.

Baada ya mpira huja kipimo, na hapa mfano wa Toyota GR86 unafaa kwa sababu gari hilo limeuzwa kwa vipimo kadhaa. Toleo la juu huvaa 215/40R18, yaani upana wa milimita 215, ubavu wenye urefu wa asilimia 40 ya upana huo, na rimu ya inchi 18. Toleo la chini yake huvaa 215/45R17. Na toleo la msingi la Japani huvaa 205/55R16. Kipenyo cha tairi hupatikana kwa kuzidisha upana kwa asilimia ya ubavu, kuongeza mara mbili, na kujumlisha rimu ambayo kila inchi yake ni milimita 25.4. Hesabu hiyo hutoa takriban milimita 629 kwa la kwanza, 625 kwa la pili na 632 kwa la tatu, tofauti ambazo ni chini ya asilimia 2, kwa hiyo spidi mita haipotoki kwa kiasi cha kujali na mifumo ya kuzuia utelezi hubaki na hesabu iliyoizoea. Kilichobadilika ni ubavu, ambao umeongezeka kutoka milimita 86 hadi karibu 113.

Ongezeko hilo ni la thamani kubwa. Barabara za majira ya baridi huwa na mashimo yaliyopasuliwa na maji yaliyoganda, na ubavu mrefu hulinda rimu isipindwe na tairi lisikatwe. Tairi jembamba kidogo hukandamiza theluji kwa nguvu zaidi katika kila sentimita ya mraba na kuifikia lami iliyo chini, ambapo tairi pana huelea juu ya tope la theluji jinsi linavyoelea juu ya maji. Bei nayo hushuka kadiri rimu inavyopungua, na hapo ndipo mnunuzi anapopata nafasi ya kuchukua mpira wa daraja la juu kabisa kwa fedha ambazo zingeishia kwenye inchi mbili za urembo. Kipimo kidogo pia huacha nafasi ya minyororo, ambayo kwenye matairi mapana ya magari mengi ya spoti haiingii kabisa, kwani kati ya tairi na springi huwa hakuna mahali pa kuipitisha. Kikomo cha kushuka huwekwa na breki. Gari lenye diski kubwa na kalipa nene, na zaidi lile lenye diski za kauri, haliwezi kupokea rimu yoyote ya inchi ndogo, na hata rimu mbili za inchi moja huweza kutofautiana, moja ikipita na nyingine ikikwaruza kalipa kwa sababu ya umbo la mikono yake. Orodha ya vipimo vilivyoidhinishwa na mtengenezaji wa gari ndiyo ya kuanzia, na nchini Ujerumani kipimo au rimu isiyo na idhini huweza kuliondolea gari uhalali wake wa kuwa barabarani.

Rimu inapochaguliwa, inchi ni mwanzo tu wa hesabu. Kwanza huangaliwa mpangilio wa matundu ya bolti au nati, ambao kwa GR86 ni matundu 5 kwenye duara la milimita 100, kwa Mazda MX-5 ya kizazi cha nne ni matundu 4 kwenye duara hilohilo, na kwa Porsche 911 ni matundu 5 kwenye duara la milimita 130. Pili ni tundu la katikati linalokaa juu ya habu. Likiwa pana kuliko habu, pete ya kujazia huhitajika ili rimu ikae sawasawa na usukani usitetemeke. Tatu ni ofseti, yaani umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaogusa habu. Ofseti ikipungua kutoka 48 hadi 40, gurudumu husogea nje milimita 8, likakaribia ukingo wa bodi, likairushia milango mawe na chumvi, na likabadilisha namna usukani unavyovutwa wakati wa kufunga breki. Nne ni umbo la kikalio cha bolti, ambacho kwa baadhi ya magari ni cha pia na kwa mengine ni cha mviringo; bolti ya umbo moja ikikazwa kwenye kikalio cha umbo jingine huonekana imekaza huku imegusa eneo dogo tu, na hulegea njiani. Kosa hili la nne husahaulika kuliko yote, na ndilo linaloweza kuling'oa gurudumu.

Kuhusu madini ya rimu, chumvi ndiyo hakimu. Rimu ya aloi ya kawaida, iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi kamili, hufaa kuliko ile ya bei kubwa ambayo uso wake umechongwa kwa mashine na kuachwa uking'aa chini ya vanishi nyembamba, kwa sababu jiwe moja likiichubua vanishi hiyo chumvi huingia na kutambaa chini yake kama mchwa ukutani. Mikono michache na iliyonyooka huoshwa kwa urahisi, wala haikusanyi theluji ambayo ikigandia upande mmoja huleta mtetemo. Uso wa habu usafishwe kutu kabla ya rimu kufungwa, kwani aloi na chuma vilivyokutanishwa na maji ya chumvi hushikana hadi fundi akalazimika kupiga nyundo.

Matairi ya baridi huwekwa manne kwa pamoja. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma likiwekewa mawili nyuma tu litaondoka vizuri lakini halitakata kona wala kusimama. Likiwekewa mawili mbele tu, nyuma yake itachomoka katika kona ya kwanza yenye utelezi. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne halina msamaha, kwa kuwa mfumo huo husaidia kuondoka na hauongezi chochote katika kusimama. Isitoshe, tofauti ya mzunguko kati ya matairi ya mbele na ya nyuma huweza kuchosha difu na kiungio chake. Pale ambapo kiwanda kimeweka kipimo kimoja mbele na kingine nyuma, mpango huo udumishwe hata katika seti ya baridi, isipokuwa mtengenezaji wa gari mwenyewe ameidhinisha vinginevyo. Matairi yenye alama ya mtengenezaji wa gari, kama vile N ya Porsche au nyota ya BMW, yamerekebishwa kwa ajili ya magari hayo, na kwa gari lenye injini nyuma inafaa kuyapa kipaumbele yanapopatikana.

Upepo wa tairi hupungua kwa takriban baa 0.1 kila joto linaposhuka kwa nyuzijoto 10, kwa hiyo tairi lililojazwa baa 2.4 ndani ya gereji yenye nyuzijoto 20 hubaki na baa 2.1 hivi asubuhi ya nyuzijoto 10 chini ya sifuri. Upepo hupimwa tairi likiwa limepoa na likiwa nje. Seti ya pili huhitaji sensa zake za upepo kwa magari yanayopima moja kwa moja ndani ya rimu, na sensa hizo zilingane na soko la gari, kwa kuwa za Ulaya hutumia mawimbi ya megahezi 433 na nyingi za Marekani 315. Bolti zikazwe kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Anayenunua seti iliyotumika asome tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT, ambapo 3823 humaanisha wiki ya 38 ya mwaka 2023, na apime kina cha mifereji, kwani tairi la baridi huanza na takriban milimita 8 na chini ya milimita 4 hubaki na jina tu. Matairi kama hayo huonekana pia Mombasa na Dar es Salaam, yakiwa yamekuja na magari yaliyotumika kutoka Japani, na hapo hayana budi kuvuliwa, kwa sababu mpira uliochanganywa kwa ajili ya barafu ya Hokkaido hulainika kupita kiasi kwenye lami ya pwani, ukalika haraka na kurefusha umbali wa kusimama. Vipimo vya magari ya spoti havitengenezwi kwa wingi, na vikiisha kwenye maghala ya Ulaya mwezi Novemba huenda visipatikane tena hadi msimu ujao, kwa hiyo wakati wa kuagiza ni Septemba, na wakati wa kufunga ni pale ambapo joto la asubuhi, na si la adhuhuri, limeanza kukaa chini ya nyuzijoto 7 kwa siku kadhaa mfululizo.